Mahakama ya Dakika Ishirini na Mbili

Hakimu alikuwa akizipanda ngazi za chumba cha kufulia kama mtu aliyetumwa kwa nguvu. Ngazi ya kwanza, apumue. Ngazi ya pili, asonye. Zilikuwa tisa tu, lakini mwambie hivyo mwenye magoti yale uone kama utajibiwa vizuri. Kila asubuhi akifika juu alishika mwimo wa mlango na kusema, "Haya, nimefika, msinizike bado," na waliokuwa ndani walimjibu, "Tumeshachimba, mama, wewe lala tu." Hapo ndipo siku ilipoanza.

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho. Kuanzia mlinzi wa geti hadi muuguzi mkuu, kila mtu alimwita Hakimu, na hata mumewe nyumbani alimwita Mheshimiwa. Mgeni angedhani ni mke wa mkubwa fulani aliyeishiwa. Kumbe mwenyewe alikuwa mpiga pasi wa hospitali, miaka thelathini na moja kazini, miguu imevimba kuanzia vifundoni, na ulikuwa umebaki mwaka mmoja na nusu astaafu. Wenzake waliokaribia kustaafu walizungumzia kufuga kuku na kujenga. Yeye ukimuuliza atafanya nini alisema, "Nitakaa chini." Ukisubiri aendelee, haendelei.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, dari lake linatoka jasho mwaka mzima. Mashine tatu za kufulia upande mmoja, meza za kukunjia katikati, na upande wa pili lile roli kubwa la pasi, silinda ya moto inayozunguka, ambalo Hakimu alililisha mashuka kutwa nzima, mikono mbele, mgongo umepinda. Mlangoni palikuwa na mizani ya chuma ya kupimia nguo chafu zinaposhuka kutoka wodini. Mashine kubwa kuliko zote, na kongwe kuliko zote, waliiita Bi Mkubwa. Hiyo ndiyo iliyofua mashuka ya kijani ya chumba cha upasuaji, kwa maji yanayochemka, na ilipoanza kuchemsha maji ilitaka umeme wote uwe wake peke yake. Ukithubutu kuwasha roli la pasi wakati huo, umeme unakatika jengo zima na daktari anapiga simu kutukana. Kwa hiyo kila siku saa nne asubuhi Bi Mkubwa aliwashwa, kila kitu kingine kikazimwa, na watu saba wakabaki mikono mitupu kwa dakika ishirini na mbili.

Sasa watu wazima saba, wamechoka, wamefungiwa kwenye mvuke, hawana la kufanya. Utawafanya nini? Wataanza kuteta, watagombana, watanuniana. Ndivyo ilivyokuwa zamani, kabla Hakimu hajaitwa Hakimu. Wakunjaji wawili walikuwa wamenuniana miezi mitatu kwa jambo ambalo hata wao hawalikumbuki vizuri. Na jamani, shuka halikunjwi na mtu mmoja. Huyu anashika ncha huku, yule anashika kule, mnasogeleana, mikono inagusana, mnarudi nyuma, mnasogeleana tena. Ukifanya hivyo mara mia tatu kwa siku na mtu usiyemsemesha, utapata wazimu. Basi palikuwa na bibi mmoja, mkunjaji wa siku nyingi, mwanamke mfupi mwenye sauti kama ya honi. Siku moja alichoka nao. Akachukua foronya safi akajivika kichwani, akakaa juu ya kapu lililopinduliwa, akasema, "Mahakama imekaa. Leteni hao wahalifu."

Ndivyo mchezo ulivyoanza, na haukukoma tena. Mshtakiwa alipanda juu ya mizani. Fundi wa mashine, mwanamume mrefu mwenye kukohoa kohoa, ndiye aliyekuwa akisoma mashtaka, na alikuwa akiyasoma kwa Kiswahili kizito kiasi kwamba mara nyingine yeye mwenyewe hakuyaelewa. Mtu alishtakiwa kwa kuimba wimbo mmoja tangu asubuhi, tena akiukosea palepale. Mtu alishtakiwa kwa kumsifia mkwe wake mpaka wenzake wakakosa hamu ya kula. Adhabu zilikuwa kuzunguka meza kinyumenyume, au kukunja kwa mkono wa kushoto, au kumwamkia kila mtu shikamoo siku nzima, hata aliye rika la mwanao. Ukicheka ukiwa juu ya mizani, adhabu inazidishwa mara mbili, na kucheka huwezi kuficha kwa sababu mshale wa mizani unatetemeka.

Sheria zenyewe zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, ukipanda mizani husemi uongo. Ya pili, yaliyosemwa mbele ya foronya hayatoki nje ya mlango ule. Kha, unaweza kucheka, lakini kwa sheria hizo mbili watu wale walimaliza mambo ambayo vikao vya ukoo vingeyashindwa. Yupo aliyekiri juu ya mizani kwamba ndiye aliyemchongea mwenzake kwa wakubwa. Akasema kwa sauti ya mzaha, akahukumiwa kwa mzaha, na wakati anazunguka meza kinyumenyume yule aliyechongewa alimshika mkono asianguke. Ofisini mambo hayo yangetaka barua nne.

Hakimu mwenyewe alipandishwa mizani mara moja tu, akiwa bado kijana, kabla ya kurithi foronya. Mwanawe wa kwanza alikuwa amefariki kwa homa ya siku nne, humo humo hospitalini, wodi ya pili. Alirudi kazini baada ya wiki moja. Mashuka ya wodi ya pili yakawa yanashuka kama kawaida, yanafuliwa, yanapita mikononi mwake, na hakujua ni lipi alilolalia mtoto wake. Alipiga pasi yote. Hakusema neno kwa wiki sita. Wenzake waliogopa hata kumpa chai.

Yule bibi ndiye aliyeamuru apandishwe. Fundi akasoma, "Mshtakiwa, unashtakiwa kwa kunyamaza wiki sita mfululizo, huku ukijua fika kwamba sisi tuna masikio. Unakubali kosa?"

"Nakubali," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Akahukumiwa kumsimulia mwanawe mpaka Bi Mkubwa asimame. Akasimulia. Jinsi alivyokuwa akilamba sukari na kumsingizia paka, na nyumbani hapakuwa na paka. Jinsi alivyotembea ametupa mguu mmoja nje, kama baba yake. Katikati ya hilo la paka akacheka, mshale wa mizani ukatetemeka, watu wote wakauona. Bibi akasema sheria ni sheria, adhabu mara mbili, kesho utasimulia tena. Na kesho yake akasimulia tena. Yule bibi alipostaafu alimvika foronya mwenyewe, na toka siku hiyo mwanamke huyu akawa Hakimu.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipoletwa msimamizi mpya. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Kijana wa miaka thelathini na kidogo, shati limenyooka, anasalimia kila mtu, anaandika kila kitu. Alipoambiwa kwamba saa nne watu hucheza kidogo, alitabasamu tu akapita. Tatizo lilianza siku mashuka ya kijani arobaini yalipotoka ndani ya Bi Mkubwa yakiwa na rangi ya ukuta wa choo cha zamani.

Aliyeyaharibu ni Mama Pacha. Huyu ndiye aliyekuwa akilisha mashine, mwanamke mpole, mjane, pacha wake wawili wako shuleni na mama yake mzazi yuko kitandani, na kazi hiyo moja ndiyo iliyowalisha wote wanne. Usiku wa kuamkia siku hiyo mama yake hakulala, kwa hiyo naye hakulala. Asubuhi akamimina dawa ya kung'arisha mashuka meupe kwenye mashuka ya kijani. Basi. Mkono ulikwenda wenyewe. Chumba cha upasuaji kikakosa mashuka, watu watano wakaambiwa warudi nyumbani waje siku nyingine, na mkuu wa hospitali akashuka mwenyewe hadi kwenye chumba cha kufulia, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

Msimamizi akawakusanya. "Kukosea naweza kusamehe," alisema. "Kuficha, hapana. Aliyefanya hivi aseme leo. Nikija kumjua mwenyewe baadaye, atakwenda nyumbani."

Mama Pacha alijifuta mikono kwenye nguo. Wenzake wakatazama sakafu. Fundi akasema labda dawa ya safari hii ilikuja kali. Kila mtu akaitikia, ndiyo, dawa ya siku hizi ni kali. Na hapo wakawa wameficha, wote saba, kwa pamoja.

Kesho yake saa nne Mama Pacha alipanda mizani bila kuitwa. "Ni mimi," alisema. "Niliua mashuka arobaini. Hayakuwa na kosa." Hakimu alimtazama, akaona kwamba akimhurumia waziwazi, mwanamke yule atavunjika palepale. Akakaza uso, akavuta foronya mpaka kwenye nyusi. "Mauaji ya halaiki," alisema. "Mahakama hii haijawahi kuona ukatili wa namna hii. Utawaamkia shikamoo wote watakaoingia mlango huu mpaka Ijumaa, awe mzee, awe kijana, awe anapita njia." Watu wakaangua kicheko, Mama Pacha naye akacheka, mshale ukatetemeka, kifungo kikaongezwa mpaka Ijumaa ya pili. Alishuka pale amepata nafuu. Siku hiyo alikula chakula chake cha mchana chote.

Sasa ngoja nikueleze Hakimu alivyokosea, na alikosea kama anavyokosea mtu aliyechoka. Alhamisi asubuhi msimamizi alikuja amebeba kiti kirefu kutoka ofisini kwake. Akakiweka mbele ya roli la pasi. "Mama," alisema, "nimekuona unavyosimama. Kaa hapa, unaweza kupiga pasi ukiwa umekaa." Miaka thelathini na moja! Hakuna mtu aliyewahi kuwaza jambo hilo, hata yeye mwenyewe. Alikaa. Magoti yakashukuru. Moyo ukamlainika, akamwona kijana yule kama mtoto wake wa kumzaa.

Saa tano, Bi Mkubwa ameshasimama na foronya imeshakunjwa, msimamizi akaingia tena na makaratasi yake. Mama Pacha akainama. "Shikamoo, baba."

Kijana akashtuka. "Ala! Mama, mbona unaniamkia? Wewe ni mama yangu kabisa." Akamgeukia Hakimu, anacheka. "Huyu ana nini leo?"

Na Hakimu, aliyeketi kwa starehe, aliyesahau kwamba foronya haiko kichwani, akamjibu kwa furaha, "Mwache, mwanangu, anatumikia kifungo. Si ndiye aliyeua mashuka yako ya kijani!"

Neno likatoka, na likishatoka limetoka. Fundi aliacha kukohoa. Mama Pacha alibaki ameinama vilevile, kama mtu aliyeshikwa na mgongo. Msimamizi alicheka kidogo, akakoma, akawatazama mmoja mmoja, kisha akakunja makaratasi yake akatoka taratibu. Hakimu alishuka kwenye kile kiti na hakukikalia tena wiki hiyo.

Barua ya Mama Pacha ilikuja Ijumaa, kikao cha nidhamu Jumanne. Barua ya Hakimu nayo ikaja, kuitwa shahidi. Mama Pacha hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimwambia tu, "Dada, utasema nini?" Basi. Kisha akarudi kulisha mashine.

Jumatatu jioni mume wa Hakimu alimwekea beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi kama alivyofanya kila siku. Alikuwa dereva mstaafu, mtu wa utani mwingi na meno machache. "Haya, Mheshimiwa, tumbukiza ushahidi," alisema, akimaanisha miguu. Leo mkewe hakucheka. Akamweleza yote.

Mzee alisikiliza, akajikuna shingo. "Sasa hapo kuna ugumu gani? Nenda kawaambie ni mchezo. Mle watu wanajisemea tu. Mama wa watu atapona. Si ni mchezo kweli?"

"Ni mchezo, ndiyo."

"Basi."

"Wewe hunielewi," alisema, na hasira zikampanda ghafla. "Ni mchezo, lakini si upuuzi. Nikisema mle watu husema uongo, nitakuwa nimewatukana wote. Mle ndipo mahali pekee hatudanganyani."

"Ukisema hamsemi uongo mle, je?"

Alijua. Pacha wataacha shule, bibi yao atakosa dawa, kwa sababu ya mdomo wake yeye, kwa sababu ya kiti. Alikuwa amewaza hata kujitwika kosa mwenyewe, lakini nani angeamini? Mpiga pasi hashiki dawa ya mashuka, hata ufunguo wa kabati la dawa hana. Maji yalipoa miguu ikiwa bado ndani ya beseni. Mzee akachukua taulo akamkausha kidole kimoja kimoja, hakutania tena.

Kikao kilikuwa na watu watatu, ukimwacha karani wa kuandika. Msimamizi, mwakilishi wa wafanyakazi ambaye alikuwa akitazama saa yake, na ofisa utumishi, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole. Hakimu alipewa kiti. Akaulizwa kama Mama Pacha alikiri.

"Alikiri," alisema. Hakuweza kukana, kijana alikuwa amemsikia kwa masikio yake.

"Kwa hiyo alifanya."

"Hapana. Alikiri kwenye mchezo. Mle mtu hukubali kila anachoshtakiwa, mama. Tunatunga ili tucheke."

"Mnatunga?" Ofisa akavua miwani. "Hebu nipe mfano."

Hakimu akampa mifano. Alimweleza jinsi Fundi alivyoshtakiwa kwa kula sabuni. Alimweleza kesi ya mpiga pasi mwenzake aliyekiri kwamba ameolewa na roli la pasi kwa siri. Kesi hizo hazikuwahi kuwepo, alizitunga palepale, mdomo ukawa unatiririka wenyewe. Mwakilishi akaacha kutazama saa. Ofisa akashika mbavu. Hata msimamizi, ambaye alikuja amekunja uso, mabega yalianza kumtikisika. "Watu wazima hawa!" ofisa alisema akijifuta machozi. "Na wewe mwenyewe, mama, uliwahi kushtakiwa?"

"Mara moja."

"Kosa gani?"

Wote watatu walikuwa wanamtazama, wanatabasamu, wanasubiri kingine cha kuchekesha. Hakimu alitazama mikono yake iliyokauka kwa mvuke.

"Hata sikumbuki," alisema. "Upuuzi tu."

Karani akaandika. Akasomewa alichoandikiwa: kwamba mchezo huo hauna maana yoyote, kwamba yanayosemwa humo si ya kweli, na kwamba hakuna anayeyachukulia kwa uzito. Akaulizwa kama ndivyo. Akasema ndivyo. Akapewa kalamu, akaweka sahihi yake. Ungedhani anaandikisha mashuka.

Mama Pacha akaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Msimamizi alimfuata Hakimu kwenye korido, ameona haya. "Nisamehe, mama. Mimi nilidhani ni jambo la kweli. Sisi hatuwakatazi, mcheze tu. Mradi ni mchezo."

"Ahsante, mwanangu," alisema. Alitamani kwenda nyumbani kulala, lakini ilikuwa saa sita mchana na mashuka ya wodi tatu yalikuwa yanamngoja.

Chumbani walimpokea kwa vigelegele. Mama Pacha alimkumbatia, akalia kwenye bega lake, akamwita mama, akamwita dada, akamwita kila jina. Fundi alitaka kujua amesema nini mpaka wakubwa wakalainika vile. Hakimu hakutaka kueleza. Lakini karani aliyeandika maelezo ni binamu wa mmoja wa wakunjaji, na kufika jioni kila mtu alishajua, mpaka ile ya sabuni. Walicheka sana. "Eti nilikula sabuni!" Fundi alisema. "Hakimu, wewe ni hatari!" Walicheka, na hakuna aliyesema kitu kuhusu sahihi, na Hakimu naye akacheka ili yaishe.

Kesho yake saa nne Bi Mkubwa akawashwa, vingine vikazimwa. Hakimu alivaa foronya akakaa juu ya kapu. Fundi alisafisha koo. Kesi ilikuwa nyepesi, Hakimu aliichagua kwa makusudi iwe nyepesi: Mama Pacha anashtakiwa kwa kunywa chai ndani ya kikombe cha Hakimu, kile cha bluu kilichomeguka mshikio, bila idhini ya mahakama. Mama Pacha akapanda mizani. Kikombe chenyewe alikuwa amekishika mkononi, chai imebaki nusu, inatoa moshi.

"Unakubali kosa?" Hakimu aliuliza.

Mama Pacha aligeuka akatazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Akautazama tena hata hivyo, kisha akamtazama Hakimu, macho ya mtu anayejibu mtihani aliofundishwa na mwalimu aliye mbele yake.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema. "Si mimi."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa amekikumbatia kile kikombe kifuani.

"Mama Pacha," Hakimu alisema taratibu, "kikombe si hicho mkononi?"

"Si mimi. Na hata nikikubali, si tunatunga tu? Si ndivyo ulivyowaambia?" Hakuwa anamdhihaki. Sauti yake ilikuwa ya shukrani, ya mtu anayetaka kuonyesha kwamba ameelewa, na kwamba hatamtia tena dada yake matatani. "Mimi sitakubali tena kitu, dada. Nina watoto."

Fundi alikunja karatasi yake ya mashtaka, ambayo siku zote ilikuwa karatasi tupu. Wengine walimtazama Hakimu, wanasubiri hukumu. Lakini mahakama ile ilijua kumhukumu aliyekubali, huyu wa kukana haikuwahi kumpata. Angemwambia nini? Kwamba asiseme uongo? Kwa mdomo upi? Aliona uchungu unampanda, wa kweli, kama ule wa zamani, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumpandisha mizani. Yule bibi alishakufa. Na hawa wengine wote aliwaambia yeye mwenyewe, kwa maandishi, kwamba mle hakuna kitu.

"Haya, shuka," alisema. "Malizia chai yako, itapoa."

Mama Pacha akashuka, amefurahi kwamba ameshinda kesi. Hakimu alivua foronya akaitupa kwenye toroli pamoja na nyingine za kupigwa pasi. Mmoja akatoa simu. Mwingine naye akatoa yake. Wakunjaji wakasogea dirishani, huyu ncha hii ya dirisha, yule ncha ile.

"Sasa tufanye nini?" Fundi aliuliza. "Bado dakika kumi na saba."

"Tusubiri," Hakimu alisema.

Wakasubiri, kila mtu na lake, mpaka mashine iliposimama.